Gari lenye tabo liwekwe oili namba gani? 5W-30, 5W-40 au 20W-50

Stiki_ya_Oili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali hili linarudi kila mara: "gari langu lina tabo, niweke oili namba gani?" Na majibu ni yale yale. Mmoja atasema weka nzito tabo isife, mwingine weka nyepesi gari lichangamke, wa tatu atasema oili ni oili tu. Nimeamua kuandika uzi mzima kwa sababu jibu la kwanza nililifuata, nikapoteza tabo nzima (turbo, ile feni inayozungushwa na hewa ya ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi), na sipendi mwingine apite nilipopita.

Nianze na kisa. Gari lilikuwa la petroli, lita 2.0, nimelinunua likiwa limetembea kilomita 140,000 hivi. Kitabu chake kinasema 5W-40. Fundi akaniambia injini imeshatembea, vyuma vimeachana, weka 20W-50 izibe nafasi. Nikakubali. Nikaweka ya madini, siyo sintetiki, na kumwaga nikawa namwaga nikikumbuka. Baada ya miezi kadhaa, asubuhi nikiwasha nasikia mlio mwembamba kama filimbi, sekunde chache, kisha kimya. Nikauzoea. Baadaye filimbi ikawa haiondoki hata injini ikiwa ya moto, na nyuma moshi wa bluu.

Siku tuliyofungua, tulitoa kibomba kinachopeleka oili kwenye tabo, kina unene wa kalamu. Nikakipuliza kwa mdomo, hewa haipiti. Tukachokonoa kwa waya, zikadondoka punje nyeusi, ngumu, kama mkaa uliotwangwa. Shafti ya tabo ilikuwa imebadilika rangi, bluu ya chuma kilichoungua, na ukiishika kwa vidole viwili inacheza juu chini. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Sasa tuelewane tabo inataka nini. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na zile tabo ndogo hupita hata 200,000. Upande mmoja inapigwa na hewa chafu ya ekzosi, ambayo kwenye injini ya petroli iliyobanwa mguu hufika nyuzi 900 na zaidi. Katikati, shafti haitakiwi kugusa chuma kabisa. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili hiyo hiyo ndiyo inayobeba joto kulitoa pale. Kwa hiyo kazi ni mbili kwa pamoja: ifike mapema ukiwasha, na ikishafika isikatike kwenye joto kali. Oili nzito inashinda nusu ya kazi ya pili na inashindwa ya kwanza. Ndiyo maana kuchagua kwa uzito peke yake kunatupoteza.

Zile namba zinatoka kwenye kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kiitwacho J300. Ya mbele, yenye W, inahusu baridi tu: oili ya 5W inapimwa kama starta itaweza kuizungusha injini kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 10W kwenye 25 chini ya sifuri, ya 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Mtu atasema huku kwangu hakuna baridi hiyo, inanihusu nini? Inakuhusu, ila kidogo kuliko unavyotishwa. Kwa anayeishi penye joto, 5W-40 na 10W-40 asubuhi zinakaribiana. Lakini 5W-40 na 20W-50 hazikaribiani. Kwenye nyuzi 40 tu, ambazo ni joto la kawaida kabisa kwa injini iliyotoka kuwashwa, 20W-50 ina mnato karibu mara mbili ya 5W-40. Oili ikiwa nzito kiasi hicho, presha inapanda juu sana, valvu ya pampu inafunguka, na sehemu ya oili inarudishwa chini badala ya kwenda mbele. Geji inasoma presha nzuri kumbe tabo, iliyo mwisho wa kibomba chembamba, inasubiri. Presha na mtiririko ni vitu viwili.

Namba ya nyuma ndiyo ya injini ikiwa ya moto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Namba 30 ni kuanzia 9.3 hadi chini kidogo ya 12.5 sentistoksi (kipimo cha mnato), 40 ni 12.5 hadi chini ya 16.3, na 50 ni 16.3 hadi chini ya 21.9. Angalia mipaka hiyo vizuri. Oili ya 30 yenye 12.2 na ya 40 yenye 12.8 ni karibu kitu kimoja, ingawa kwenye kopo zinaonekana ni dunia mbili.

Hapa ndipo penye uzito wa uzi huu, naomba msome taratibu. Ndani ya tabo hakuna nyuzi 100. Kuna joto zaidi ya hapo, na oili inakamuliwa kwa kasi ya ajabu kati ya shafti na beringi. Kipimo kinachokaribia hali hiyo ni mnato kwenye nyuzi 150 huku oili ikisuguliwa kwa nguvu. Kwenye karatasi ya data ya oili utakiona kimeandikwa HTHS. Kwa oili ya 30, J300 inataka kisipungue 2.9. Kwa 5W-40 kisipungue 3.5.

Sasa kuna 5W-30 ambayo HTHS yake ni 3.0 au 3.1, imetengenezwa ili gari litumie petroli kidogo. Na kuna 5W-30 nyingine yenye daraja la C3 la ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya), ambayo hairuhusiwi kushuka chini ya 3.5, yaani kima cha chini kile kile cha 5W-40. Zote kwenye kopo zinasoma 5W-30! Mtu akikwambia "5W-30 iliua tabo yangu" na mwingine "natumia 5W-30 mwaka wa sita tabo nzima", wote wanaweza kuwa wanasema kweli, maana hawazungumzii oili moja. Magari ya kundi la VW yanayotaka oili yenye kibali cha VW 504.00 au 507.00 yanatumia hiyo 30 ya HTHS kubwa. Ukimwekea mwenye gari hilo 5W-30 ya kubana matumizi kwa sababu namba zimefanana, umemnyima kinga palepale tabo inapoihitaji.

Kwa hiyo usiishie kwenye namba kubwa za mbele ya kopo. Geuza nyuma, soma maandishi madogo. Tafuta madaraja ya ACEA: A3/B4 na C3 HTHS yake ni 3.5 kwenda juu, A5/B5 ni kati ya 2.9 na 3.5, C2 inaanzia 2.9, C5 ni kati ya 2.6 na 2.9. Kisha tafuta kibali cha mtengenezaji wa gari lako, mathalani MB 229.5, BMW Longlife-04, Porsche A40. Na uangalie neno. "Imeidhinishwa" ni jambo moja, "inafaa kwa magari yanayohitaji" ni jambo jingine. La kwanza ni mtengenezaji wa gari amesema, la pili ni muuza oili amesema.

Injini mpya za petroli zenye tabo na sindano zinazopulizia moja kwa moja ndani ya silinda zina shida nyingine isiyohusu mnato kabisa. Ukikanyaga sana gari likiwa kwenye mzunguko mdogo, mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya cheche, kwa kishindo kinachoweza kupasua pistoni. Wanaiita LSPI. Oili zenye kalsiamu nyingi kwenye sabuni zake huichochea, ndiyo maana daraja la SP la API (taasisi ya mafuta ya Marekani), lililoanza mwaka 2020, lina kipimo chake. Kama injini yako ni ya aina hiyo, tafuta SP au daraja jipya zaidi, usiniambie SL, daraja la zamani, ni nzito zaidi.

Mimi baada ya kubadilisha tabo nimerudi 5W-40 sintetiki, A3/B4, kama kitabu kinavyosema. Filimbi ya asubuhi sijaisikia tena.

Karibuni, na aliye na hoja tofauti aiweke.

---

FundiDizeli

Mkuu, uzi mzito, hongera. Ila unaionea 20W-50. Nimefungua tabo nyingi na ule mkaa ulioutoa kwenye kibomba haukuletwa na unene. Ule ni oili iliyoungua. Unatoka barabarani injini inachemka, unazima papo hapo, pampu inasimama, oili iliyobaki ndani ya tabo inakaa na chuma chenye moto mkali mpaka inageuka mkaa. Leo tabaka, kesho tabaka. Ukijumlisha oili ya madini, ambayo haivumilii joto kama sintetiki, na kuchelewa kumwaga, imekwisha. Ungeweka 5W-40 ya hovyo ukaiacha mwaka na nusu, ungechokonoa mkaa ule ule.

Na pia, kwenye dizeli kubwa tunaweka 15W-40 miaka yote na tabo zinatembea. Nzito siyo adui.

---

Stiki_ya_Oili

Fundi, umenishika mahali pa kweli, na nakubali. Nikiwa mkweli, makosa yalikuwa matatu: namba, ubora na muda. Siwezi kuapa kwamba namba peke yake ndiyo iliyoua. Ninachoshikilia ni kwamba ile filimbi ya sekunde chache asubuhi ilikuwa shafti inazunguka bila oili ya kutosha, na kwa hilo unene ulichangia.

Kuhusu kuungua, watu waangalie kipimo cha Noack kwenye karatasi ya data. Oili inawekwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja, kisha wanapima asilimia iliyogeuka mvuke. ACEA A3/B4 na C3 zinataka isizidi 13, API wanaruhusu hadi 15. Kwa gari la tabo, mbili zikilingana mnato, mimi nachukua yenye Noack ndogo.

Na kuzima: kama umepanda mlima au umekimbiza, acha injini iungurume dakika moja hivi kabla ya kuzima. Kama dakika za mwisho umeendesha polepole, tabo imeshapoa yenyewe, huna haja ya kukaa unasubiri.

---

FundiDizeli

Hapo sawa. Niongeze kwa wenye dizeli. 15W-40 ya CI-4 au CK-4, madaraja ya API ya dizeli, ni sahihi kwa injini nyingi za kazi, na CK-4 HTHS yake haishuki chini ya 3.5. Msiichanganye na FA-4, hiyo ni nyepesi, ya injini mpya zilizotengenezwa kwa ajili yake. Na kama dizeli yako ina chujio la masizi kwenye ekzosi, ile DPF, usitie oili yenye majivu mengi. Majivu yanayotokana na oili hayaungui, yanabaki kwenye chujio mpaka lizibe, kisha hewa chafu inashindwa kutoka na tabo inaumia. Tafuta C3, majivu yake hayazidi asilimia 0.8.

---

MwendoWaPole

Habari zenu. Jamani mimi nina jambo linanitisha. Gari langu ni petroli, tabo ndogo, sindano za moja kwa moja kama alivyoeleza Stiki. Natumia 0W-20 kama kitabu kinavyosema. Safari zangu ni fupi sana, dakika kumi kwenda, kumi kurudi. Jana nimechomoa stiki nikakuta oili imepanda juu ya alama ya mwisho, na sijaongeza tone. Nimenusa, ina harufu ya petroli. Ni nini?

---

Stiki_ya_Oili

Dada, pole, na umefanya vizuri kunusa. Petroli inaingia kwenye oili. Injini ikiwa baridi inapuliza petroli nyingi, sehemu inagonga ukuta wa silinda, inapita ringi na kushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Ukiendesha muda mrefu inachemka na kutoka kama mvuke. Kwa safari za dakika kumi haipati nafasi ya kutoka, inajikusanya.

Tatizo ni kwamba oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi kuliko namba iliyo kwenye kopo. Ukianza na 20, ukichanganya, unatembea na kitu chini ya 20, na tabo haina akiba. Kwenye dizeli zenye DPF hutokea vilevile, dizeli ya kuchomea masizi inashuka kwenye oili.

Cha kwanza, imwage sasa, usisubiri kilomita. Cha pili, punguza muda wa sevisi, kwa safari zako nusu ya kile kitabu kinasema siyo uoga. Cha tatu, mara moja kwa wiki lipeleke safari ya nusu saa au zaidi, injini ichemke sawasawa. Cha nne, fungua kitabu ukurasa wa oili, usome wote. Vitabu vingi vinatoa namba zaidi ya moja. Kama chako kinaruhusu 0W-20 na 5W-30, nenda 5W-30. Kama kinaruhusu 20 peke yake, baki hapo na utegemee kumwaga mapema.

---

MwendoWaPole

Asante sana kaka. Sikuwahi kufika huo ukurasa. Nitaangalia jioni.

---

Laki_Tatu

Wakuu, mimi gari limefika kilomita 300,000, linakula oili, kama lita moja kila kilomita 2,000. Kitabu kinasema 5W-30. Nataka nihamie 20W-50 ili ipungue. Nimesoma uzi lakini sijashawishika.

---

FundiDizeli

Laki_Tatu, kabla hujagusa oili, angalia inakotoka. Toa bomba la hewa kati ya tabo na injini, ingiza kidole. Unyevu kidogo wa oili ni kawaida. Ukikuta kidimbwi, basi inatoka kwenye tabo au kwenye mfumo wa kupumua wa injini. Valvu ya kupumua ikiziba, presha inajaa kwenye sampo, oili ya tabo inashindwa kushuka na inatafuta njia ya kutokea. Nimeona watu wamenunua tabo mpya mara mbili kumbe tatizo ni kile kivalvu kidogo.

Angalia na bomba la kurudisha oili, lile nene la chini ya tabo. Oili inarudi kwa kushuka tu, hakuna pampu inayoivuta. Bomba likiziba au likipinda, tabo inatema oili pande zote mbili hata kama ni mpya. Na usijaze kupita alama ya juu ya stiki, ni ugonjwa uleule.

---

Stiki_ya_Oili

Fundi kamaliza. Mimi naongeza jambo moja: ndani ya tabo hakuna sili ya mpira ambayo oili nzito itaibana. Ni ringi za chuma, zinazotegemea presha ya hewa na mtiririko mzuri wa kurudi. 50 haitaziba hapo chochote.

Kama umekagua yote na imebaki kwamba ringi za pistoni zimechoka, panda ngazi moja: toka 30 nenda 5W-40. Fanya sevisi mbili ukiandika imekula kiasi gani. Kuruka mpaka 20W-50 kuna gharama nyingine: injini nyingi za sasa zinageuza taimingi ya valvu kwa presha ya oili, na oili nzito inachelewesha kazi hiyo mpaka taa inawaka kwenye dashibodi.

---

Mlima_na_Trela

Swali la haraka. Navuta trela milimani, 5W-30, joto la oili linafika 130 kwenye geji. Nipande 40?

---

FundiDizeli

Kama kitabu kinaruhusu 40, ndiyo, bila kusita. Hiyo ndiyo kazi ambayo namba kubwa ya nyuma ilitengenezewa. Na kagua kipoza oili kama kimejaa vumbi, 130 ya kila mara ni nyingi. Pia mwaga mapema, kwa sababu oili za namba nyingi hupewa unene wake wa moto na polima, na polima hizo zinakatika kadiri zinavyosuguliwa. 40 yako ikichoka inaweza kushuka hadi 30 bila wewe kujua.

---

Kijana_wa_Tatu

Na mimi nina Ford EcoBoost ya lita 1.0, jirani kaniambia niweke 5W-40 kwa sababu ina tabo.

---

Stiki_ya_Oili

Hapana ndugu. Kwenye hizo injini za mwanzo mkanda wa taimingi unazunguka ndani ya oili. Oili isiyo yake inaula mkanda, vipande vinaziba chujio la kufyonzea kwenye sampo, injini nzima inakosa oili, tabo ikiwemo. Ford wametaja 5W-20 yenye kiwango chao cha WSS-M2C948-B. Weka hiyo hiyo. Kama yako ilitoka baadaye ikiwa na cheni, fuata kitabu chake.

---

MwendoWaPole

Nimerudi wakuu. Kitabu kina jedwali, kinaruhusu 0W-20 na 5W-30 ya C2 au C3. Leo asubuhi nimemwaga. Ile ya zamani ilitoka kama maji, nyeusi, na chombo kizima kinanuka petroli. Imetoka lita 4.6 wakati ujazo wa kitabu pamoja na filta ni 4.1. Yaani nusu lita nzima ilikuwa petroli! Nimeweka 5W-30 ya C3, HTHS kwenye karatasi ni 3.5, na kopo lina SP pia. Filta mpya. Stiki sasa iko katikati ya alama mbili.

Niiangalie tena baada ya muda gani?

---

Stiki_ya_Oili

Kila Jumamosi asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare. Futa stiki, ingiza, chomoa, nusa. Andika kipimo pamoja na kilomita. Ikipanda milimita tano, rudi hapa utuambie.